Mti ni wetu, keki ni ya nani?

Neno zabibu tulilipata kutoka Kiarabu. Wakazi wa kisiwa cha Sicily, katika bahari ya Mediterania, walilipata kutoka lugha iyo hiyo, kwani Waarabu waliwahi kukitawala kisiwa chao tangu karne ya 9 hadi ya 11. Hadi leo zabibu zao za aina moja huitwa zibibbo. Zabibu, tini zilizokaushwa na lozi ndizo wanazozitia katika keki yao ya Krismasi, buccellato, iliyo duara kama pete. Jina hilo nalo lina asili yake: katika Kilatini, buccellatum ulikuwa mkate mkavu wa askari wa Roma. Wasicily wamechukua mazao ya mashamba yao, wakayaunganisha kwa unga, wakapata chakula kinachokaa na jina linalojulikana.

Msomaji atauliza haya yanahusu nini Laare, huko Igembe, kwenye milima ya Nyambene. Yanahusu sana.

Uchumi wa Laare umesimama juu ya miraa, zao linalopoteza thamani kadiri linavyonyauka. Licha ya kufungwa kwa majani ya mgomba, miraa haina budi kumfikia mlaji katika muda wa siku mbili tatu. Mwenye bidhaa ya namna hiyo hana nguvu ya kumngoja mnunuzi. Uholanzi ilipoipiga marufuku mwaka 2013, Uingereza ikafuata Juni 2014, na Somalia ikafunga soko lake kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022, mkulima hakuwa na ghala la kuyaweka mavuno yake. Wahenga walinena kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Wengi wamekimbilia makadamia, na si vibaya. Mti huo wenye asili ya Australia umestawi vyema Meru na Embu, na Kenya imo miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani. Mwaka 2009 serikali ilipiga marufuku uuzaji nje wa kokwa zenye maganda, ili zibanguliwe hapa nchini. Mwishoni mwa 2023, bei zilipokuwa zimeanguka, ikalilegeza katazo hilo kwa muda. Lakini hata zikibanguliwa, nyingi husafirishwa zikiwa malighafi tu. Keki, peremende na chokoleti huandaliwa kwingine, na kwa majina ya huko.

Kama mwanaisimu, naona jambo jingine. Mkulima wa Igembe anapotaja miraa, msamiati wake ni tajiri: kuna giza, kuna kangeta, kuna alele, na kila jina lina daraja na bei yake. Jamii hukipa majina mengi kitu inachokifahamu na kukithamini. Makadamia ina jina moja tu, tena la John Macadam, mkemia mzaliwa wa Uskoti aliyeishi Melbourne. Sisemi tulitupe jina hilo. Halua ni neno la Kiarabu pia, lakini nani atathubutu kuiambia Lamu au Unguja kwamba halua si yao? Kilichoifanya iwe yao ni mikono iliyoipika. Makadamia haijapata mikono hiyo kwetu.

Nasi hatukosi cha kutia katika mchanganyiko. Ngano inalimwa Timau. Ndizi zimejaa Imenti. Maembe ya Mbeere, huko Embu, huiva kwa pamoja hata mengine yakaoza chini ya miti. Asali ya Tharaka haihitaji sifa zangu. Embe na ndizi zikikaushwa, makadamia zikakaangwa na kukatwakatwa, asali ikaongezwa, patapatikana keki inayoweza kukaa kwa majuma kadhaa na kustahimili safari ambayo miraa haiiwezi.

Kuna watakaosema kizuri chajiuza. Hakijiuzi. Katika Sicily hiyohiyo, kwenye miteremko ya volkano ya Etna, mji wa Bronte hulima pistachio. Umoja wa Ulaya ulilisajili jina la kokwa hizo, na tangu hapo asiyezitoa huko haruhusiwi kulitumia sokoni. Milima ya Nyambene nayo ni ya volkano. Udongo wenye rutuba tunao kama wao. Wanachotuzidi ni kulilinda jina.

Simshauri mtu ang'oe miraa yake. Karo za shule hulipwa kwa miraa, na keki haitachukua nafasi hiyo kesho wala kesho kutwa. Ninachosema ni kwamba serikali ya kaunti, vyuo vya ufundi na vyama vya ushirika viwape akina mama wa Igembe tanuri, vikaushio vya matunda na msaada wa kupata alama ya ubora. Keki hiyo ipewe jina la Kimeru, nalo lisajiliwe mapema kabla ya mgeni kututangulia. Soko la ng'ambo likifungwa tena, Laare iwe na kitu ghalani kinachoweza kungoja.