Ritifaa Haina Kosa

Mwanafunzi aitwaye Ng'wandu ana haki ya kuandikwa jina lake zima. Lakini katika ukurasa wa kompyuta uliotungwa ovyo, jina hilo laweza kukatwa likabaki "Ng" tu. Wako wanaodhani kuwa dawa ni kuipiga marufuku ritifaa. Rai hiyo ni potofu.

Kurasa za HTML aghalabu hutokana na kiolezo, yaani maandishi yenye nafasi wazi ambazo programu huzijaza. Sifa ikiandikwa value='Ng'wandu', kivinjari huichukua ritifaa ya jina kuwa ndiyo inayofunga thamani, na herufi zinazofuata huzisoma kama sifa nyingine. Kwa mwanya huo huo mtu mwenye hila hupenyeza amri zake.

Marufuku hayazuii hila hizo. Mwaka 2005 mtandao wa MySpace ulikuwa umelikataza neno "javascript". Samy Kamkar, kijana wa Marekani, alilikata neno hilo mistari miwili ndani ya sifa ya style. Vivinjari kadhaa vikalisoma kama neno moja. Katika muda usiotimia siku moja, watumiaji zaidi ya 1,000,000 walikuwa wameambukizwa.

Njia iliyo bora ni kuigeuza alama kuwa msimbo: ritifaa iandikwe ', nayo itaonekana machoni bila ya kufunga kitu. Hata hivyo, msimbo mmoja hautoshi kila mahali. Thamani isiyozungushiwa alama za kunukuu hukatizwa hata na nafasi tupu. Katika href, anwani inayoanza kwa javascript: haina alama yoyote ya kugeuzwa, yapasa ikataliwe. Katika onclick, kivinjari huufumbua msimbo kwanza, ndipo huisoma amri. Ritifaa hurudi na makali yake.

Kwa hiyo kiolezo chenyewe hakina budi kutambua kila nafasi iko wapi, kisha kichague kinga iifaayo. Jambo hili lawezekana: maktaba ya html/template ya lugha ya Go hufanya hivyo tangu toleo la kwanza la mwaka 2012.

Mwalimu wa kompyuta na awafundishe vijana kuuliza, kabla ya kujaza nafasi yoyote, "Hapa nani atasoma, na atasomaje?" Asiyeuliza hivyo humlaumu Ng'wandu kwa kosa la mtunga programu.