Bunduki Iliyokatwa Kasiba Haina Kazi ya Halali

Kila silaha haramu zinapokamatwa, wananchi hutangaziwa idadi yake. Urefu wake hutajwa kwa nadra. Sisi tunaona kwamba urefu nao ni hoja nzito kwa wilaya za Ngara na Biharamulo, na kwa ndugu zetu wa visiwa vya Bumbire, Goziba na Ikuza.

Je, kasiba fupi ni ipi? Kila nchi hujiwekea mpaka wake. Nchini Kanada, bastola ambayo kasiba yake haizidi milimita 105 imo katika orodha ya silaha zilizopigwa marufuku. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1997, ilikataza kwa jumla silaha yenye kasiba isiyofika sentimita 30, au ambayo urefu wake wote haufiki sentimita 60. Katika bastola ya gurudumu, hupimwa kasiba peke yake. Gurudumu la risasi halihesabiwi.

Mipaka hiyo hutofautiana, lakini hekima yake ni moja. Kasiba ikipunguzwa, risasi hupungua kasi na shabaha huharibika. Kinachoongezeka ni wepesi wa kufichika. Bastola huzaliwa fupi kiwandani, na askari huihitaji. Lakini bunduki au gobore lililokatwa kwa msumeno ni jambo jingine kabisa. Gobore refu laweza kumlinda mkulima dhidi ya nyani na nguruwe mwitu. Gobore lililokatwa halilindi shamba la mtu yeyote. Limeandaliwa kuingia ndani ya koti.

Wilaya zetu zinayajua haya kwa machungu. Tarehe 28 Aprili, 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walianza kumiminika Ngara kupitia daraja la Rusumo, na kwa muda wa siku moja hivi walifika takribani watu 250,000. Mapanga na silaha nyingine zilirundikana kando ya daraja. Silaha ndefu huonekana darajani. Fupi hupita pamoja na mizigo. Katika miaka iliyofuata ujambazi ulishamiri, hata mabasi yakawa yanapita mapori ya Biharamulo kwa kusindikizwa na polisi. Mwezi Julai 2013, Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani mkoani Kagera, aliwapa majambazi wiki mbili wasalimishe silaha, kisha ikafuata Operesheni Kimbunga.

Mwenyeji wa kisiwani asidhani kwamba habari hizi ni za porini tu. Mvuvi anayenyang'anywa injini usiku ziwani hutishwa na silaha iliyofika ikiwa imefichwa chini ya nyavu. Pori na ziwa vina adui mmoja.

Nchi yetu ilitia saini Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, inayotaka silaha ziwekwe alama na kumbukumbu zake zitunzwe. Bunge nalo likapitisha sheria mpya ya udhibiti wa silaha mwaka 2015. Lakini sheria iliyofungiwa katika makabati ya wilaya haimsaidii mgambo wa Nyakahura wala mwenyekiti wa mwalo.

Kwa hiyo tunawashauri wakuu wa Serikali mambo mawili. Kwanza, kila silaha inapopewa kibali, urefu wa kasiba yake uandikwe daftarini pamoja na namba yake, na upimwe tena kila silaha inapokaguliwa. Atakayeleta bunduki iliyopungua hata sentimita moja, aeleze palipokwenda kipande hicho. Pili, viongozi wa vijiji na wa mialo wafundishwe kuitambua silaha iliyokatwa, ili watoe habari polisi bila kuigusa.

Nanyi wananchi, fundi anayekata kasiba anaishi miongoni mwenu, na mlio wa msumeno wake mnausikia. Kumfichia siri si ujirani mwema. Ni kumsaidia kuitayarisha silaha ambayo kesho itaelekezwa kwa mtoto wa jirani, au kwa wako.