Kunyoosha meno haraka kwa operesheni: mkaaji wa Kivu ahesabu safari kwanza

Bukavu – Vyuma vya meno si vitu vya watoto wa shule tena. Mwalimu wa miaka 35, mfanyabiashara wa Kadutu au mfanyakazi wa shirika huko Goma haoni haya kumuuliza daktari kama meno yake yaliyopandana yanaweza kunyooka. Meno ya mtu mzima yananyooka, mradi fizi na mfupa viwe vizima. Kinachowakatisha wengi tamaa ni muda: mwaka na nusu, wakati mwingine miaka miwili na zaidi. Ndiyo sababu habari ya operesheni ndogo inayomaliza kazi kwa miezi sita inapokewa kwa furaha kila inapofika kwenye WhatsApp, ikitumwa na ndugu aliye Nairobi au Ulaya.

Operesheni hiyo ipo kweli, wala si uganga. Lakini mkaaji wa Kivu anayeitafuta ili apunguze safari za kwenda kwa daktari anakosea hesabu, na kosa hilo linaweza kumgharimu dola nyingi pamoja na maumivu ya bure.

Jino limekaa ndani ya mfupa wa taya. Chuma kinapolisukuma, mfupa wa upande linakoelekea unaliwa polepole, na nyuma yake unajengwa mwingine. Kazi hiyo haiendi mbio. Sasa, mfupa ukijeruhiwa, mwili unakimbilia kuuponya, na katika uponyaji huo sehemu iliyo karibu na jeraha inalainika kwa muda. Harold Frost, daktari wa mifupa wa Marekani, aliueleza mwenendo huo mwaka 1983. Madaktari wa meno wanautumia kwa makusudi: wanachanja mfupa kandokando ya mizizi, kisha wanausukuma meno wakati mfupa bado laini.

Kuchanja kwenyewe ni kwa zamani kuliko maelezo yake. Heinrich Köle alikwisha kuandika juu yake mwaka 1959, akidhani kwamba vipande vya mfupa vinasogea pamoja na meno. Mwaka 2001 ndugu wawili wa mji wa Erie, Marekani, William na Thomas Wilcko, mmoja mtaalamu wa kunyoosha meno na mwingine wa fizi, walionyesha kwa picha za skana kwamba mfupa hausogei kama tofali, bali unapoteza madini na kuwa laini. Walitoa habari ya wagonjwa wawili waliomaliza kwa karibu miezi sita na nusu. Njia yao inadai kufunua ufizi, kuchanja mfupa na kuongeza unga wa mfupa juu yake. Baadaye zikaja njia nyepesi: mwaka 2009 Serge Dibart na wenzake wa Boston walieleza namna ya kupasua sehemu ndogo tu za ufizi na kukata mfupa kwa kisu cha mitetemo, na wengine wanatoboa vitundu vidogo bila kufunua chochote.

Je, zinaharakisha kiasi gani? Hapo matangazo yanasema zaidi ya wanasayansi. Jaribio moja la New York, lililotolewa mwaka 2013, lilisema vitundu viliongeza mwendo wa jino zaidi ya mara mbili, lakini lilipima siku 28 tu, na majaribio kadhaa ya wengine baadaye hayakuona faida kama hiyo. Mwaka 2015 wachambuzi wa Cochrane walikusanya majaribio yote yenye kufaa juu ya operesheni hizi wakapata manne, yenye watu 57 kwa jumla. Watu 57!

Na tuseme inaharakisha. Ulaini ule wa mfupa unadumu kama miezi minne, kisha mfupa unakaza tena. Kwa hiyo daktari anataka kumuona mgonjwa kila baada ya wiki mbili ili abadilishe nguvu ya waya mlango ukiwa bado wazi. Miezi sita na nusu, kila wiki mbili: safari 14. Kwa njia ya kawaida, mgonjwa akionwa kila wiki sita kwa miezi 20, hesabu inafika karibu palepale, 14. Safari hazipungui, zinabanwa tu. Na safari ya njia ya kawaida ikichelewa wiki tatu, jino linasubiri. Ya njia ya haraka ikichelewa, mgonjwa amelipia operesheni ambayo nguvu yake inapita akiwa nyumbani.

Anayekaa Bruxelles hapati shida hiyo. Anayetoka Bukavu anavuka Rusizi, anapita msitu wa Nyungwe na kumaliza sehemu kubwa ya siku ndani ya basi kabla ya kufika Kigali. Wa Goma ana njia fupi, lakini anajua mpaka ni mpaka: mwezi Agosti 2019 Rwanda iliufunga kwa saa kadhaa juu ya Ebola, Machi 2020 ukafungwa juu ya Covid, na vita havijauliza ratiba ya mtu yeyote.

Kuna na jambo la dawa, ambalo linasahauliwa kabisa. Mfupa unalainika kwa sababu sehemu ile imewaka. Ibuprofen na diclofenac zinazima moto huo, ndiyo maana madaktari wa kazi hii wanapendelea paracetamol. Katika farmasi za kartie zetu, anayelalamika taya linamuuma atapewa nini? Diclofenac, bila karatasi ya daktari.

Kwa nani basi operesheni hii inafaa? Kwa mtu mzima mwenye meno yaliyobanana na mfupa mwembamba mbele ya mizizi, ule unga wa mfupa unaweza kuwa na maana kuliko mwendo wenyewe. Awe anaishi karibu na daktari, asiwe mvutaji wa sigara, asiwe anatumia dawa za muda mrefu zinazogusa mifupa. Mwenye fizi zinazotoka damu atibiwe kwanza; huyo hata vyuma vya kawaida havimfai kabla hajapona.

Wengine wote waanze kwa kazi isiyo na sifa: kuondoa ugaga, kuziba meno yaliyotoboka, kupiga picha ya taya. Hiyo inafanyika Bukavu na Goma, bila kuvuka mpaka. Kisha daktari wa vyuma aulizwe, kabla ya bei, ataonwa kila baada ya siku ngapi, na ni nani atakayeshika waya ikiwa mpaka umefungwa siku ya zamu.