Bastola, Mahakama na Mkono wa Mtoto

Sisi tunaotibu majeruhi tunajua kwamba ajali nyingi huanzia mahali pamoja: mtu aliamini kitu ni salama, kumbe sivyo. Ndiyo maana chupa za dawa zikawekewa vifuniko ambavyo mtoto hawezi kuvifungua kwa urahisi. Je, bastola nayo haistahili kinga ya namna hiyo? Swali hilo limefikishwa mahakamani huko California, Marekani.

Tangu mwaka 2001, duka la California haliruhusiwi kuuza bastola mpya kwa raia wa kawaida mpaka modeli yake iingizwe katika orodha ya jimbo. Kwanza hupimwa maabara: hufyatuliwa risasi 600, kisha huangushwa juu ya zege kutoka kimo cha takribani mita 1 ili kuhakikisha kwamba haijifyatui. Baadaye bastola zinazojipakia zilitakiwa ziwe na kiashirio cha risasi iliyomo ndani ya chemba, pamoja na kizuizi kinachozuia kufyatua magazini ikiwa imetolewa. Mwaka 2013 likaanza kutekelezwa sharti la tatu, kwamba bastola ichape alama ya utambulisho kwenye ganda la risasi.

Vifaa viwili vya kwanza vina maana kubwa kitabibu. Anayechomoa magazini hudhani bastola ni tupu, ilhali risasi moja iliyobaki katika chemba yatosha kuua. Mwaka 1991, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilikadiria kwamba kiashirio pekee kingeweza kuzuia vifo 23 kati ya kila 100 vitokanavyo na ajali za silaha za moto.

Hata hivyo, mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba sheria za silaha zipimwe kwa kulinganishwa na desturi za kihistoria za taifa hilo. Machi 2023, jaji wa shirikisho akazuia kwa muda utekelezaji wa masharti yote matatu. Jimbo lilikata rufaa kutetea vifaa viwili vya usalama, na Mahakama ya Rufaa ikasitisha sehemu hiyo ya amri. Sharti la alama halikuombewa kinga hiyo.

Walalamikaji wana hoja yenye uzito. Tangu Mei 2013 hadi amri hiyo ya Machi 2023 hakuna modeli mpya ya bastola inayojipakia iliyokuwa imeongezwa, huku modeli kongwe zisizo na vifaa hivyo zikiendelea kuuzwa kihalali. Sheria inayofungia nje kipya na kukiacha cha zamani inahitaji marekebisho. Lakini kuirekebisha si sawa na kuifuta. Sharti la alama husaidia upelelezi. Kiashirio na kizuizi huokoa uhai. Yasihukumiwe kwa kapu moja, wala historia ya karne ya 18 isiwe kipimo pekee cha jeraha la leo.

Wahudumu wenzangu, kesi za mahakamani huchukua miaka, na mtoto hazisubiri. Mgonjwa mwenye sonona au familia yenye watoto wadogo iulizwe kwa staha: je, nyumbani kuna silaha, na imehifadhiwaje? Nawe msomaji unayeimiliki kihalali, popote ulipo, itoe risasi, kagua chemba kwa macho yako, ifungie kwa kufuli, na risasi uzifungie mahali pengine. Kinga hiyo haihitaji hukumu ya jaji yeyote.