Hanimuni Lindi: kimya, bahari na mifupa ya kale

Nakuandikieni kutoka Endasak, chini ya Mlima Hanang, ambako mimi mtoto wa pwani nimeolewa. Huku bi harusi akiulizwa anataka kupelekwa wapi, hujibu Zanzibar. Nikipiga simu nyumbani Unguja, bi harusi wa huko anataka Dubai. Kila mmoja anatamani pa mbali, na mara nyingi pesa ya safari ni ya kukopa. Rai yangu ni nyengine: nendeni Lindi.

Bibi zetu walikuwa na fungate. Maharusi walikaa ndani siku saba, somo akiingia na kutoka, chakula kikiletwa, na ya walimwengu yakibaki nje ya mlango. Lengo lilikuwa wawili wajuane. Hanimuni ya siku hizi imekuwa kazi: bwana ni mpiga picha, bibi anabadilisha nguo mara nne kwa siku, na usiku kila mmoja yuko kwenye simu yake anasoma pongezi. Wakirudi, deni linawasubiri mlangoni. Ndoa nyingi changa hupata ugomvi wake wa kwanza hapo.

Lindi ni mji mtulivu wa pwani ya kusini, kiasi cha kilomita 450 kutoka Dar es Salaam kwa barabara. Umekaa kwenye ghuba ambako Mto Lukuledi unaingia baharini, na ng'ambo ya maji iko Kitunda. Adhana utaisikia, chakula cha halali hutahangaika kukitafuta, na buibui lako halitamshangaza mtu. Mnaweza kutembea ufukweni asubuhi bila kupishana na makundi ya watalii. Anayetaka kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao na tiara abaki Paje. Lindi si mji wa mambo hayo.

Lakini Lindi ina kitu ambacho Dubai haina. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, alikuta mifupa mikubwa ajabu huko Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji. Kuanzia 1909 hadi 1913 mamia ya watu wa kusini waliichimba, wengi wao wakiishi kambini na wake zao na watoto. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani. Hapakuwa na reli wala gari. Mizigo ilibebwa kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zikapakiwa melini. Leo mmoja wa wanyama hao, aliyeishi yapata miaka milioni 150 iliyopita, amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin, urefu wake kwenda juu ukipita mita 13.

Kumbukeni pia kwamba vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha juzi tu, 1907, na kusini yote ilikuwa imetoka kwenye njaa na misiba. Waliobeba mifupa ile walikuwa watu wa nchi iliyojeruhiwa. Wageni hupanga foleni Berlin kuitazama, na mabinti zetu wengi hawajui hata ilitoka wapi. Hilo linaniuma. Surat Al-Ankabut, aya ya 20, inatuhimiza tusafiri katika ardhi tutazame jinsi uumbaji ulivyoanza. Ni wangapi wetu tumewahi kupanga safari kwa nia hiyo?

Msitarajie makubwa Tendaguru kwenyewe. Ni pori na kilima, mifupa mashuhuri haipo, na bila mwenyeji na gari imara hamfiki. Nendeni wakati wa kiangazi, ulizeni kwanza mjini, na mkiona kipande cha mfupa kiacheni pale pale. Hata msipofika huko, kukaa bandarini jioni mkifikiria mizigo iliyopita pale ni mazungumzo tosha kwa watu wawili wanaoanza maisha.

Najua utaniambia: "Dada, mimi nimezaliwa ufukweni, nifuate bahari nyengine ya nini?" Bahari si hoja. Hoja ni kupata siku chache ambazo hakuna anayekujua, hakuna anayekusubiri upige picha, na mume wako hana pa kukimbilia ila kwako. Utajua akichoka anakuwaje, basi likichelewa anasema nini, na kama anakumbuka kukuuliza umekula. Mambo hayo hoteli ya kifahari huyaficha.

Kwa hiyo kabla bwana harusi hajakopa, kaa naye umwambie unachotaka. Usione haya. Mwanamke anayemwondolea mumewe deni lisilo na lazima ameshaanza kuijenga nyumba yake. Mwenyezi Mungu azitie baraka ndoa zenu.