Njia Kuu ya Mombasa, na Watu Waliojenga Kando Yake

Mwezi huu twataka kunena habari za njia kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi. Ni nyumba chache miongoni mwetu zisizotumia kitu kilichopita katika njia hiyo, iwe sukari, nguo au bati la paa. Lakini ni wachache wanaowafikiri watu waliojenga kando yake.

Urefu wake ni kama kilometa 480. Zamani ilihesabiwa kwa namba A109, na sasa ni sehemu ya A8, ambayo yapita Nairobi hata Malaba, mpakani mwa Uganda. Mizigo ya Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo hushuka katika bandari ya Mombasa, na mingi yake hupandia njia hii.

Zamani za misafara, bwana wa njia alikuwa maji. Mtu akitoka Rabai, mahali walipojenga Krapf na Rebmann mwaka 1846, aliingia nyika ya Taru, nayo ni nchi kavu yenye miiba. Mapagazi walitumaini maji ya mvua yaliyosimama katika mashimo ya mwamba, yaitwayo ngurunga. Yakiwa yamekauka, shida ilikuwa kubwa, kwani kurudi ni mbali na kwenda mbele ni mbali. Wakamba walioteremsha pembe za ndovu pwani walizijua njia hizo vema kabla ya mgeni ye yote kuzichora katika ramani. Basi watu walipumzika penye maji, wala si penginepo.

Mwaka 1890 ile Kampuni ya Kiingereza ya William Mackinnon ilianza kukata njia ya magari ya ng'ombe kwenda bara. Na hata leo mji mdogo huko nyikani waitwa Mackinnon Road. Mwaka 1891 wamisheni wa Kiskoti wakajenga Kibwezi kando ya njia hiyo, lakini homa iliwapunguza sana, na mwaka 1898 misheni ikahamia Kikuyu. Hapo tayari reli ilikuwa yaja. Ilianzishwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899. (Habari za simba wa Tsavo kila mtoto azijua, hatutazirudia.) Kazi ya upagazi ikafa. Lakini gari la moshi nalo lilikunywa maji, na vituo kama Voi na Makindu vikapata uhai kwa ajili yake.

Tena iko habari moja ambayo wengi wameisahau. Mwaka 1947 jeshi la Uingereza lilianza kujenga bohari kubwa mno pale Mackinnon Road. Maelfu ya watu walikwenda kutafuta kazi. Baada ya miaka michache shauri lilibadilika huko Ulaya, kazi ikaachwa, na nyika ikarudi mahali pake. Waliokuwa wamefungua maduka madogo hawakuulizwa neno.

Twaikumbuka habari hiyo kwa sababu ya mambo tuliyoyasikia kwa masikio yetu. Tulikuwa safarini kwa basi, likasimama Mtito Andei, ambapo ni kama nusu ya safari. Tuliketi katika kibanda cha mama mmoja mtu mzima, tukaletewa muthokoi na chai. Tulipomwuliza habari za biashara, alicheka kidogo, akasema, "Mwalimu, sisi huku twala magurudumu. Yakizunguka, twala. Yakisimama kwingine, twalala."

Akatueleza. Reli mpya, ile iitwayo SGR, ilifunguliwa tarehe 31 Mei 1917, la, twasema vibaya, 2017. Na mwaka uliofuata treni za mizigo zikaanza kuyachukua makontena mpaka Nairobi. Malori yakapungua. Mama huyo alikuwa akipika sufuria tatu kila jioni kwa madereva na utingo wao. Akabaki na moja. Binti yake alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, akakaa muhula mzima akiosha vyombo ambavyo havikuwa na wa kuvichafua. Agosti 2019 ikatoka amri kwamba mizigo yote ya bara ipande reli. Watu wa Mombasa wakaandamana, na Oktoba mwaka ule ule amri ikasimamishwa. Septemba 2022 Rais William Ruto, alipokwisha kuapishwa, akatangaza kwamba kazi ya kutoa mizigo irudi bandarini Mombasa. Malori yakaongezeka tena.

Sisi hatuichukii reli. Yeyote aliyepita njia hii usiku, akaona lori limelala ubavu katika mtelemko wa Salama, atatamani mizigo yote ipande treni kesho asubuhi. Wala hatusemi kwamba maisha ya kando ya njia ni mema yote. Penye mizani ya Mariakani na ya Mlolongo madereva hungoja muda mrefu mbali na wake zao, na binti za watu huahidiwa mambo yasiyotimizwa. Ukimwi ulizisumbua sana nyumba za vituo hivyo, nasi walimu tuliona haya kulinena waziwazi wakati ilipofaa kunena. Hayo ni makosa yetu.

Lakini jambo hili latusumbua moyo: wakubwa wapangapo njia za mizigo, huhesabu tani na shilingi, wala hakuna ahesabuye sufuria. Mapagazi hawakuhesabiwa, wala wenye maduka wa Mackinnon Road. Hata bomba la mafuta lilipofunguliwa mwaka 1978, magari ya mafuta yaliondolewa njiani bila mtu kumwuliza aliyeyapikia madereva wake.

Tulimwuliza mama yule kama sasa moyo wake umetulia, maana malori yamerudi. Akasema binti yake amemaliza shule, naye ajifunza kushona nguo Kibwezi. "Nimemwambia asijifunze kupika." Kisha lori likapiga honi barabarani, akachukua ufagio, akaipangusa meza iliyokuwa safi tayari.