MSUMENO WA INJINI WATAKA ADABU

Mti uangushwapo na dhoruba karibu na nyumba za askari, msumeno wa injini humaliza kwa muda mfupi kazi ya kutwa ya shoka. Lakini chombo hiki hakimjui mwenyewe.

Ajali ya kuogopwa zaidi ni msumeno kuruka nyuma. Sehemu ya juu ya ncha ya upanga wake ikigusa gogo, mnyororo hukwama, na msumeno humrukia mkataji usoni kabla hajawahi kuukwepa. Kwa hiyo mkataji hushika kwa mikono miwili, kidole gumba cha kushoto kikiuzunguka mpini wa mbele, wala hakati juu ya mabega. Breki ya mnyororo huijaribu kabla ya kazi.

Petroli huchanganywa na oili kama kitabu cha mashine kiagizavyo. Misumeno mingi ya leo hutaka mililita 100 kwa lita 5. Mafuta hayatiwi injini ikiwa moto, na msumeno huwashwa mita 3 au zaidi kutoka mahali pa kujazia.

Msumeno utoapo unga badala ya vipande, meno yamekuwa butu. Injini huzimwa, na kila jino hunolewa kwa tupa ya mviringo, mapigo sawa kwa yote.

Watoto na wapita njia wakae mbali, angalau mara mbili ya urefu wa mti unaokatwa. Kuni hupatikana tena kesho. Mkono wa mlezi haupatikani.